Masizi ya Mama

Biharamulo Mjini
4 Machi 2024

Mzee wangu Juvenali,

Shikamoo. Natumaini u mzima, pamoja na lile sikio moja ambalo bado linashirikiana na watu. Nimeacha kukupigia simu tangu siku ile nilipokuuliza habari za mvua ukanijibu kwamba umekwisha kula. Kwa hiyo naandika, kama unavyopenda mwenyewe.

Malongo, kondakta wa basi la Ngara, atakukabidhi boksi. Usishtuke ukilifungua. Ndani kuna bunduki, lakini ni ya mchezo. Inarusha vidonge vya rangi, vya mviringo kama gololi, vinavyopasuka vikimgusa mtu. Nimefungua uwanja kule Nemba. Siku za mapumziko watu wa maofisini na wa migodini wanakuja, wanavaa vinyago vya plastiki, wanajificha kwenye mikaratusi na kupigana rangi mpaka wachoke, kisha wanakula nyama choma. Kibali ninacho na polisi wanajua.

Bunduki nyingine zote ni nyeusi. Hii moja ni ya stenlesi, nzito, nayo imefifia kama kijiko cha mgahawani. Naomba uing'arishe mpaka mtu aweze kuchokonoa meno akijitazama kwenye mtutu. Marehemu baba alikuwa akisema kazi hiyo haina mkono mwingine, na tangu ulipomng'arishia mama birika lake la kahawa haruhusu mtu yeyote kulishika.

Mjukuu wako Recho hajambo. Nimemweka mapokezi, anawapa wageni soda na vinyago. Wageni wanampenda.

Mwanao,
Sabiti Maulidi


Ntobeye
12 Machi 2024

Mwanangu Sabiti,

Marahaba. Boksi limefika. Malongo alinikabidhi kwa mikono miwili na akaondoka bila kunywa chai, kwa hiyo nadhani alichungulia.

Nimeifungua bunduki yako kipande kwa kipande. Chuma chake ni kizuri. Aliyeitengeneza aliipiga msasa mkavu wa upande mmoja, ndiyo maana imefifia: mikwaruzo yote inaelekea mtutuni kama nyasi zilizolazwa na maji ya mvua. Nitaipiga msasa wa maji kwa kukingamisha, halafu mwororo zaidi kwa kukingamisha tena, kila mmoja ufute alama za uliotangulia. Mwishoni ni gurudumu la kitambaa na ile dawa ya kijani iliyo kama sabuni ya mche. Kazi inawezekana.

Lakini niambie kwanza ni ya nini. Kama itaning'inizwa ukutani, nitaifanya kioo. Kama itaingia porini mikononi mwa mtu, iache ilivyo. Anayejificha hafai kushika kitu kinachong'aa. Baba yako alinipa kazi wakati ambao sikuwa na karatasi hata moja inayosema mimi ni nani, kwa hiyo wewe nitakwambia nimelijuaje hili.

Mwaka 1972, tulipotoka Burundi, nilikuwa mtoto. Mama alibeba sufuria mpya ya aluminiamu aliyopewa na dada yake. Siku ya kuondoka aliisugua nje na ndani kwa majivu na mchanga. Kwetu mwanamke hakwenda kwa watu wasiomjua na chombo cheusi. Wangesema katoka nyumba ya wachafu. Tulikuwa tukikaribia mto Ruvubu, asubuhi, mawingu yakafunguka, na sufuria ilikuwa kichwani kwake. Askari walikuwa mlima wa pili, mbali kiasi kwamba hawangeweza kutofautisha mtu na kichaka. Waliona mwanga. Kaka yangu Niyonzima alikuwa nyuma yetu. Hakuvuka.

Haya sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani kwangu. Recho hayajui. Nimekuandikia wewe ili usije ukampa mgeni wako bunduki ya kioo ukamharibia mchezo, basi.

Mzee wako,
Juvenali Habonimana


Biharamulo Mjini
20 Machi 2024

Mzee wangu Juvenali,

Shikamoo, na pole sana. Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea mke wangu Swabaha kwa sauti, naye akalia. Baba hakuwahi kutueleza.

Bunduki ni ya maonyesho tu. Ing'arishe bila wasiwasi.

Na kweli, mzee, kitu kinachong'aa kinaonekana mbali sana. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo.

Mwanao,
Sabiti


Ntobeye
15 Aprili 2024

Recho mjukuu wangu,

Malongo anakuletea mkungu wa ndizi na boksi la mwajiri wako. Ndizi ni zako. Boksi mpe Sabiti mwenyewe, mkononi.

Ukipata nafasi, kiangalie kilichomo kabla wageni hawajakitia vidole. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, hata kwenye vikombe vya altare nilipokuwa karakana ya misheni. Chini ya mtutu palikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu uliokuwa unarudi kila nikifika kwenye gurudumu. Ilibidi nianze upya tangu msasa wa kwanza. Sasa ukiielekeza dirishani unaona kila kipande cha dirisha, na mgomba ulio nje, na nzi juu ya jani. Waambie waifute kwa kitambaa cha pamba, kamwe si kwa khanga yenye vumbi.

Bulugu, yule jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, alijitazama humo akasema hakujua kwamba amezeeka, nani kamfanyia hivyo. Nikamwambia ni ng'ombe wake.

Mbona huandiki? Mapokezi hakuna kalamu?

Babu yako,
Juvenali


Nemba
9 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Kalamu ipo, ni mimi mvivu. Nisamehe.

Huku kuzuri. Jumamosi walikuja watu wa benki. Meneja alijificha nyuma ya kichuguu, siafu wakamwingia kwenye suruali, akatoka anakimbia na mikono juu, na wafanyakazi wake wote wakampiga rangi. Mmoja alisema amesubiri siku hiyo tangu aajiriwe.

Bunduki yako ndiyo inayosifiwa. Nimekabidhiwa mimi, hakuna mwingine anayeishika. Kila asubuhi naifuta kwa pamba kama ulivyosema.

Jikoni pia nasaidia. Huku sufuria tunazisugua nje mpaka zinakuwa nyeupe, na hakuna mtu anayenifokea. Unakumbuka?

Kuna jambo dogo naomba. Lile koti zito la marehemu bibi, la mikono mirefu, nitumie kwa Malongo. Kuna baridi.

Mjukuu wako,
Recho


Ntobeye
2 Julai 2024

Recho,

Koti nilikutumia siku ileile. Nilikuwa natamba kijiji kizima kwamba umefanywa mtunzaji wa bunduki, na nikajiambia Nemba kweli asubuhi kuna ubaridi.

Jana Bulugu amerudi kutoka Biharamulo, alikopeleka madume mnadani. Amepitia Nemba. Ameniambia ameona uwanja umezungushiwa kamba, na msichana aliyevaa koti zito kwenye jua la saa saba anakimbia kati ya mikaratusi, ameshika juu kitu kinachowaka kama kioo, na watu wenye vinyago wanamfuata na kumpiga. Alidhani wanatengeneza sinema. Anasema msichana alipopita karibu na kamba alimwambia, "Shikamoo mzee Bulugu," bila kusimama, naye akaitikia marahaba kabla hajajua anamwitikia nani.

Nimemwambia amekosea mtu. Akasema, "Mzee Juvenali, ng'ombe wangu nawajua hata kwa mgongo. Mjukuu wako nisimjue kwa sauti?"

Sikulaumu kwa kumwamkia. Ndivyo ulivyolelewa. Nataka unieleze mengine.

Babu yako


Nemba
10 Julai 2024

Babu,

Shikamoo. Bulugu hakukosea.

Mapokezi nilikaa mpaka Aprili tu. Bunduki ilipofika, Sabiti akaanzisha mchezo mpya. Mmoja wetu anapewa ile bunduki yako, haina vidonge ndani, anaambiwa aishike juu na kukimbia, na wageni wanamwinda. Jua likiipiga wanajua alipo. Akifika kwenye mtaro uliochimbwa ng'ambo ya uwanja, amevuka. Mchezo unaitwa Mkimbizi. Nilikubali kwa kuwa nina mbio, na kwa kuwa anayekimbia analipwa zaidi ya anayegawa soda. Vile vidonge vinauma, Babu. Vinapiga kama kokoto ya manati, vinaacha duara jekundu, kesho yake jeusi. Ndiyo sababu ya koti.

Hayo nilikuwa nayavumilia. Jumapili iliyopita Sabiti ameleta kipaza sauti. Kabla ya mchezo akawasomea wageni hadithi kutoka kwenye karatasi. Mwaka wa sabini na mbili, mto Ruvubu, mama na sufuria yake, mwana anayeitwa Niyonzima. Mimi nimesimama pembeni nimeshika bunduki, nasubiri filimbi. Nikasema moyoni, huyu Niyonzima ana jina la watu wa kwetu. Nikamsikia anasema, "Habari hii nimeipata kwa mzee mwenyewe, yuko hai, yuko Ngara, na ndiye aliyeing'arisha bunduki hii." Wageni wakapiga makofi. Halafu filimbi ikalia.

Nimekaa kwako tangu mama afariki. Nimekupikia, nimekusomea magazeti ulipopoteza miwani, nimekaa nawe jioni zote umeme ulipokatika huna la kunisimulia ila misasa. Kwa nini ulimwambia Sabiti?

Recho


Ntobeye
15 Julai 2024

Sabiti,

Nilikupa habari ile ili kitu kinachong'aa kisiwekwe mkononi mwa mtu anayewindwa. Umeisoma kama maelekezo ya mashine.

Niletee bunduki. Nitaipiga msasa mkavu nikurudishie kama ilivyokuja, imefifia. Na Recho aje nyumbani kwa basi hilohilo.

Baba yako angekuja mwenyewe kwa miguu kuniomba radhi. Wewe sikutaki uje.

Juvenali Habonimana


Biharamulo Mjini
24 Julai 2024

Mzee wangu Juvenali,

Shikamoo. Barua yako imeniumiza, na mama amenikasirikia, maana amesikia. Lakini nisikilize kwa upole.

Hakuna aliyeumizwa. Ni rangi, inatoka kwa sabuni. Wageni wanaisikiliza hadithi wametulia kabisa. Mmoja alivua kofia. Hawa vijana wa leo wangeusikia wapi mwaka wa sabini na mbili? Kama nimekosea, nimekosea kwa kukuheshimu. Na Recho ni mtu mzima. Alikubali kwa mdomo wake, na tangu awali hakuna anayekimbia kama yeye. Sijamfunga kamba.

Bunduki siwezi kuirudisha, ni mali ya uwanja. Hata hivyo wageni wenyewe wameona kwamba haikai vizuri kwenye hadithi, kwa sababu mkimbizi hakuwa na bunduki. Nikafikiri, nikaona wana haki. Nimenunua sufuria kubwa ya stenlesi, Malongo anakuletea. Tafadhali ing'arishe nje kama ulivyoifanya bunduki. Recho atakuwa anaibeba kichwani, na hatapata taabu ya kunyoosha mkono. Jina lako nitaliandika kwenye ubao wa mlangoni, kwa herufi kubwa.

Naamini hasira yako itapoa.

Mwanao,
Sabiti


Ntobeye
2 Agosti 2024

Recho mjukuu wangu,

Sufuria ya Sabiti iko kwenye basi hili na barua hii. Sikuing'arisha. Nimeipika juu ya moto wa kuni mbichi na matambara yenye mafuta mpaka ikawa nyeusi hata mshikio. Atadhani macho yangu yamekwisha.

Umeniuliza kwa nini nilimwambia yeye. Nimekaa na swali lako siku nyingi. Jibu ninalo, si zuri. Sabiti ni mteja. Mteja ukimwambia jambo anaondoka nalo, humwoni mezani kesho yake akikutazama. Wewe ungenitazama.

Sasa nakwambia ambayo yeye sikumwambia. Tulipovuka, mama alikaa matopeni, akaipaka sufuria tope nje yote, akatuambia twende. Tangu siku hiyo hakuisugua tena nje mpaka alipokufa. Nilikuwa kijana nikamwomba niisugue, nilikuwa nimeanza kazi misheni na nilitaka kumwonyesha. Akasema, "Mwache Niyonzima alale." Hakusema tena jina hilo mbele yangu.

Ni sufuria hiyo unayoijua, ya maharage, yenye kiraka cha fundi chini. Ulipokuwa darasa la nne mwenzako Joyceline alikucheka kwamba kwenu hamjui kuosha vyombo. Ukaichukua mtoni na mchanga. Ulikuwa umeshatoa masizi upande mmoja, pana kama kiganja, nilipokuja nikakunyang'anya, nikakufokea mbele ya wenzako, ukalala bila kula. Bibi yako aliniambia, "Mweleze mtoto." Nikasema nitamweleza akikua.

Umekua. Rudi nyumbani.

Babu yako,
Juvenali


Nyamahanga
19 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo. Naandika kutoka kwa Joyceline, ameolewa huku, ana shamba la mihogo na mtoto mmoja. Nimekaa wiki nzima ndipo nimeweza kuandika.

Sufuria ilifika nyeusi. Sabiti akasema, "Masikini mzee wa watu," akampa Swabaha aisugue. Swabaha aliitazama, akaenda nayo nyuma ya jiko, akanipa mimi, akasema yeye hana mikono ya kazi hiyo leo. Sijui alimaanisha nini, lakini hakunitazama usoni.

Jumamosi walikuja wengi, wameanza bia mapema. Sufuria ilikuwa haijang'aa, Sabiti akasema basi tutatumia bunduki mara ya mwisho. Nilikuwa nimekwisha kukwangua masizi ya sufuria kwa kijiko, nikayachanganya na mafuta ya kupikia, nikaipaka bunduki yako mtutu mzima, kitako, kila mahali. Nikaifunika kwa kitambaa cha pamba mpaka filimbi ilipolia. Kazi yako yote, Babu. Nilisikia uchungu kuipaka, nakuambia kweli.

Nilikimbia mpaka kwenye mikaratusi minene nikalala chini. Walipita karibu yangu hata nikamsikia mmoja anapumua. Walizunguka, wakarudi, wakaanza kugombana wenyewe. Halafu wakaita, "Mkimbizi, toka, mchezo umekwisha." Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Nikamsikia Sabiti kwenye kipaza sauti: "Recho, mwanangu, toka basi, chakula kinapoa." Jua lilipozama alikuwa bado anaita, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nadhani aliogopa. Nilimwacha aogope.

Walipoondoka nikaenda mapokezi, nikaweka bunduki mezani, na koti la bibi sikulivua, nikatembea mpaka barabarani.

Barua yako nimeisoma. Nimelia kwa ajili ya Niyonzima, ambaye nilijuana naye kwenye kipaza sauti. Wewe bado nina hasira nawe, na siwezi kuja kukaa mezani pako nikiwa nayo. Joyceline anasema kuna mtu anatafuta wasaidizi upande wa Geita. Huenda nikaenda. Usimtume Malongo wala Bulugu kunitafuta. Nimeona kwamba nikitaka kutoonekana, naweza.

Recho


Ntobeye
30 Agosti 2024

Recho,

Sijui kama barua hii itakukuta kwa Joyceline. Nimemwomba Malongo aiache kwake na asiulize neno. Sikutafuti.

Jana nimechukua sufuria ya mama. Nilianzia kwenye ule upande wako wa kiganja kimoja, maana palikuwa pepesi. Kwingine masizi yamekuwa kama gome la mti, yalitoka kwa patasi. Halafu msasa wa maji, kwa kukingamisha, mmoja baada ya mwingine, kisha gurudumu. Kiraka nimekiacha. Aluminiamu haishiki kioo kama stenlesi, lakini imekuwa na weupe ambao sikuwa nimeuona tangu asubuhi ile. Nimeikwaruza karibu na ukingo. Mkwaruzo huo siutoi.

Nimeifunga juu ya mlingoti mwisho wa migomba, pale barabara inapokata kona kushuka kijijini. Jua la asubuhi linaipiga moja kwa moja. Mimi nakaa upande wa pili wa nyumba, siwezi kuitazama.

Bulugu amepanda mlima wa ng'ambo na ng'ombe wake ili aniangalizie. Amerudi anasema inaonekana kutoka mbali kabisa, hata na mtu asiyejua anatafuta nini. Nimemwuliza tena kama ana hakika. Akasema, "Mzee, utavamiwa na wezi."

Ukipita njia hiyo ukiwa kwenye basi la kwenda popote, utaona nyumba iko wapi. Si lazima ushuke.

Babu yako,
Juvenali Habonimana